Chemchemi Haifundishi Subira

Katika nchi ile mwaka haukuhesabiwa, ulitangazwa. Mpiga mbiu alishuka kutoka Nyumba za Juu, akasimama njia panda, akasema mwaka ni uleule, na watu wakarudi kwenye shughuli zao. Ulikuwa umetangazwa uleule mara kumi. Kwa hiyo Siwatu alikuwa na miaka thelathini na tisa kwa mara ya kumi na moja, na nywele zake, ambazo hazikuisikia mbiu, zilikuwa zimeota mvi upande mmoja wa kichwa.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza viumbe wasioonekana kwa macho. Maabara yake ilijengwa juu ya jabali, kando ya chemchemi ambayo maji yake yalitoka ardhini yakitokota, yakinuka yai viza, makali kuliko ndimu na siki. Ungetumbukiza yai mle lingeiva, kisha ganda lake lingeyeyuka. Na humo humo waliishi viumbe. Wataalamu wanawaita arkea. Ukiwatazama haraka utadhani ni bakteria, lakini ni ukoo mwingine kabisa, wa kale, wenye mila zake. Watu wa Bondeni waliwaita wadudu wa Siwatu. Walicheka kidogo wakisema hivyo, kwa sababu ya jina lake. Mama yake alimpa jina lile kwa uchungu, baada ya majirani kumtenga mimba ilipokuwa kubwa. Si watu hawa, alisema, na mtoto akaitwa hivyo. Akakua akawa mtu wa kukaa na wasio watu, na kwa muda mrefu alidhani hilo ndilo jibu la uchungu wa mama yake.

Zamani maji ya chemchemi yalikuwa yakiteremkia korongoni, upande wa pili wa mlima, kusikokaa mtu. Nyumba za Juu zilipojengewa hamamu, mabafu ya maji moto, mkondo ukageuzwa. Maji makali yakapitishwa chini ya sakafu za marumaru ili moto wake upashe maji matamu ya wakubwa, na yakishatoa joto lake yakaachiwa yashuke Bondeni. Yakaingia visimani. Bondeni watu walianza kupasuka nyayo. Kisha meno yao yakalainika kama chaki iliyolowa. Wakapeleka malalamiko, na malalamiko yao yakarudishwa na mhuri wenye methali: Mvumilivu hula mbivu. Methali ile iliandikwa pia juu ya mlango wa shule, juu ya mlango wa zahanati, na juu ya lango la makaburi.

Asubuhi moja Ghalibu akaja maabara.

Ghalibu lilikuwa jina la kiti. Yeyote aliyekalia kiti cha Idara ya Uvumilivu aliitwa hivyo, akavaa pete ileile, na baada ya juma moja sauti yake ikawa ileile. Siwatu alikwisha kuwaona wanne, au mmoja mara nne. Huyu wa sasa alikuwa mnene, mwenye kope ndefu, na alivua kiatu kimoja mlangoni kama mtu ambaye hajaamua kama nyumba aliyoingia ni ya heshima.

"Mwalimu Siwatu," alisema, "habari ya wadudu?"

"Viumbe hawajambo, Mheshimiwa."

"Nimesikia wanakaa mle ndani, katika moto ule na ukali ule, na hawadhuriki. Kweli?"

"Wanaishi mle, kweli."

"Basi umetuokoa." Akacheka, akakaa bila kukaribishwa. "Siku ya kutangaza mwaka tutakusanya watu wa Bondeni. Utawasomea waraka. Lugha nyepesi tu. Uwaambie kuna viumbe wa Mungu wanaoishi kwenye maji makali mara mia kuliko yale ya visima vyao, na hawalalamiki. Uwaeleze siri ya uvumilivu wao. Binadamu ni nani hata ashindwe na mdudu? Maji ukiyavulia nguo, Mwalimu, huna budi kuyaoga."

Siwatu alihisi kitu kikisogea chini ya mbavu zake. Hakukipa jina. Kwa miaka kumi na moja, au mmoja, alikuwa amejizoeza kutokipa jina.

"Nikikataa?"

"Maabara itafungwa, nasi tutamtafuta mtu mwingine wa kusoma." Ghalibu aliinuka, akavaa kiatu chake. "Lakini kwa nini ukatae? Si ni ukweli? Wanaishi, hawaishi?"

Wanaishi. Hilo ndilo lililomchoma. Uongo angeweza kuukana. Huu ulikuwa ukweli wake mwenyewe, aliousaga kwa mikono yake, na sasa mtu alikuwa ameuchukua akautia sumu kidogo tu, kiasi cha kuingia kwenye kijiko, akamrudishia aunyweshe watu.

* * *

Alishuka Bondeni siku hiyohiyo, jua likiwa kichwani, kwenda kwa dada yake. Mwanamvua alikuwa mkubwa kwake kwa miaka saba, ingawa kwa mujibu wa mbiu tofauti ile ilikuwa imesimama kama kila kitu. Alikuwa fundi wa kufua, na vidole vyake vilikuwa vyeupe kwenye ncha, vimeliwa hadi kucha zikaisha.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kutufundisha?" Mwanamvua hakuinua macho kwenye karai. "Mpiga mbiu amepita. Anasema mdogo wangu atatuonyesha namna ya kuzoea."

Siwatu alitoa mfukoni karatasi ya litimasi, ya kupimia asidi, akaichovya kwenye ndoo. Ikawa nyekundu kabla hajaitoa.

"Hata bila karatasi najua," Mwanamvua alisema. "Nguo za watu zinaniozea mikononi. Wananidai khanga zao, nawaonyesha vidole, wananyamaza. Niambie, hao wadudu wako, wao hawaumwi?"

"Hatujui kama wanaumwa."

"Unajua nini basi?"

Siwatu akakaa kwenye kigoda. Hakuwahi kumweleza dada yake kazi yake. Sababu alizokuwa akijipa, kwamba ni ngumu, kwamba maneno hayapo, zilikuwa za aibu, na alipoanza kusema maneno yalikuwapo yote.

"Mwili wa kila mmoja ni chumba kimoja tu," alisema. "Chumba kina ukuta mwembamba wa mafuta. Sisi na wanyama, ukuta wetu ni wa tabaka mbili, zimelalana kama vitambaa viwili visivyoshonwa. Ukizidi moto, vinaachana. Wao ukuta wao ni tabaka moja. Kila uzi umeanzia nje ukapenya mpaka ndani, hauna mahali pa kuachania. Asidi inapita kwa shida sana."

"Kwa hiyo haingii."

"Inaingia. Kidogo kidogo, kila wakati. Lakini ukutani kuna mashine ndogo, za protini. Pampu. Kazi yao ni kuishika asidi iliyoingia na kuitupa nje. Hazilali. Nje maji yanaweza kuyeyusha msumari, lakini ndani, dada, ndani ya kile chumba, ni karibu sawa na maji ya mvua."

Mwanamvua aliacha kufua. Povu likamteremka kwenye viwiko.

"Rudia hapo."

"Ndani hakuna ukali."

"Kwa hiyo hawajaizoea."

"Hapana."

"Wanaitapika."

"Ndiyo. Wanaitapika usiku na mchana. Nusu ya chakula chao, pengine zaidi, kinaishia kwenye kazi hiyo."

Mwanamvua alimtazama, na Siwatu akaona katika macho ya dada yake kitu ambacho hakukielewa siku ile. Alidhani ni mshangao.

"Na huyo bwana wa pete," Mwanamvua aliuliza, "alikwambia methali gani safari hii?"

"Maji ukiyavulia nguo."

"Nani aliyevua nguo? Sisi tulivuliwa." Akarudi kwenye karai, akaisugua ile nguo mpaka ikachanika mikononi mwake.

* * *

Kuvumilia. Siwatu alipanda mlima akilitafuna neno hilo. Nani alilizaa? Mwenye kukanyagwa hakulizaa, yeye ana maneno mengine, mafupi. Lilizaliwa mguuni mwa anayekanyaga, likavalishwa kanzu, likapelekwa madrasa na shule, likarudi limekuwa sifa. Mtu anasifiwa kwa kuvumilia kama mbuzi anavyosifiwa kwa unono. Mvumilivu hula mbivu. Mbivu zipi? Zilipandwa wapi? Nani amewahi kuuona mti wenyewe? Miaka kumi na moja watu wamesimama chini ya tawi tupu, midomo wazi, na kinachodondoka ni asidi.

Nami? aliwaza. Nami je? Nilikuwa wapi? Nilikuwa juu, nikiandika: ilionekana kwamba. Ilibainika kwamba. Kiwango kilipimwa. Nani aliyeona? Nani aliyepima? Hakuna mtu katika sentensi zangu. Nimeandika vitabu vitatu visivyo na mtu hata mmoja. Ghalibu aliingia humo kwa sababu nilimwachia nyumba tupu.

Alipofika maabara, safari hii alikipa jina kile kitu kilicho chini ya mbavu. Hasira. Ilikuwa hasira tu, ya kawaida, kama ya mtu aliyeibiwa kuku. Alishangaa jinsi ilivyokuwa nyepesi kuibeba baada ya kuitaja.

Akawasha hadubini yenye kitako cha moto. Alichota viumbe chemchemini, akawatia rangi ambayo hung'aa kijani mahali pasipo na ukali na kufifia ukali unapoingia. Akatazama. Mamia ya nukta za kijani katika bahari ya asidi, kila moja imejilinda. Kisha akafanya jambo ambalo lilimuuma kulifanya. Akawanyima chakula, akawanyima na hewa, ili pampu zikose nguvu. Moto hakuuongeza na ukali hakuuongeza. Aliwaacha katika maji yao wenyewe, maji waliyozaliwa nayo.

Akangoja. Mchana ukasogea. Nukta ya kwanza ikafifia, kisha ya pili, kisha kumi pamoja. Kabla ya alasiri kuisha kioo kilikuwa cheusi.

Siwatu aliinua uso kutoka kwenye hadubini. Alijua tangu zamani kwamba ingekuwa hivyo. Mwanafunzi yeyote angejua. Lakini hakuwahi kuliona kama anavyoliona sasa: hata mwenyeji wa asidi, aliyezaliwa ndani yake na baba zake wote, huuawa na asidi siku anapoacha kuitupa nje. Uvumilivu haupo mle. Haujawahi kuwapo. Kiumbe anayevumilia ndiye yule mweusi kwenye kioo.

Akatia wengine kwenye kioo, wazima, akawamulika kwa taa ya miale mikali, ile inayokatakata uzi wa urithi ndani ya chembe hai. Hilo nalo aliwahi kulifanya na kuliandika kwa lugha yake isiyo na watu. Safari hii alilitazama kama anatazama mtaa wake. Waliojeruhiwa waliota vinyweleo virefu. Wakanyoosheana. Mmoja akamshika mwenzake, wawili wakamshika wa tatu, mpaka yakawa mafungu mafungu, na hakuna aliyemshika asiye wa aina yake. Mle ndani ya mafungu, ambapo hata hadubini haifiki, walikuwa wakipeana vipande vya urithi. Palipokatika kwa huyu palikuwa pazima kwa yule. Mzima anamwazima aliyevunjika ukurasa, anauiga, anajishona.

"Pumbavu," Siwatu alisema kwa sauti, peke yake. Alikuwa akijitukana mwenyewe.

* * *

Siku ya kutangaza mwaka watu wa Bondeni walijaa uwanjani, wengi wamefunga miguu kwa matambara. Jukwaa lilikuwa na zulia. Ghalibu alikaa kwenye kiti chake, na kwa kuwa jua lilikuwa kali, uso wake ulikuwa ukibadilika kidogo kidogo, mara huyu mnene, mara yule wa kabla yake, lakini pete ilitulia. Mpiga mbiu akasema mwaka ni uleule. Kisha Siwatu akaitwa.

Alikuwa na waraka mkononi. Ghalibu alikwisha kuupitia siku iliyotangulia, akaupiga mhuri.

"Ndugu zangu," Siwatu alianza, "nimetumwa niwaeleze viumbe wanaoishi katika chemchemi. Ni kweli wanaishi kwenye maji makali kuliko yenu. Nimewachunguza tangu mwaka huu ulipokuwa mpya."

Watu wachache walicheka, kicheko cha puani. Ghalibu alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Siri yao ni hii. Hawavumilii."

Ghalibu akaacha kutikisa kichwa.

"Asidi ikiingia kwao, wanaitupa nje. Kila tone. Hawangoji iwe nyingi, hawangoji kuambiwa. Na akitokea wa kuwanyima nguvu ya kuitupa, wanakufa, tena wanakufa ndani ya maji hayohayo wanayosifiwa kuyapenda. Niliwaua mimi, juzi, nikaona. Na wakijeruhiwa hawasubiri kila mmoja kwake. Wanashikana."

"Mwalimu," Ghalibu alisema taratibu, "soma kilichoandikwa."

"Ndicho ninachosoma, Mheshimiwa. Wewe ulisoma neno 'wanaishi' ukaacha kusoma." Sauti yake ilipanda, na hakuishusha. "Umepiga mhuri juu ya ukweli huu bila kuufungua! Tena nisikilize. Chemchemi ni kwao. Wamekaa mle tangu mlima ulipokuwa laini. Watu hawa si wa asidi. Hawa ni wa mvua na mihogo. Mliwaletea mabaki ya moto wenu, mkayaita majaliwa!"

"Mtoeni."

Askari wawili walimshika mikono. Hakupinga, lakini hakunyamaza. Katikati ya watu mzee mmoja aliyekuwa akitembelea makalio aliuliza, si kwa kelele, kama mtu anayeuliza njia, "Sasa mwanangu, sisi pampu yetu iko wapi?"

Swali hilo lilimtisha Siwatu kuliko askari. Alijua kila protini ya ukuta wa viumbe wake kwa jina, na hakujua amwambie nini mzee mwenye nyayo zilizooza.

Ndipo alipomwona Mwanamvua akigeuka na kuondoka. Dada yake alipita katikati ya watu, akawapa mgongo wote, jukwaa na Siwatu pamoja. Siwatu akaona aibu. Nimesema maneno tena, aliwaza. Maneno tu.

Lakini Mwanamvua hakukawia. Alirudi akiwa amebeba mlango. Ulikuwa mlango wa nyumba yake, wa mninga, alioung'oa kwenye bawaba, na ameinama chini yake kama mtu aliyebeba mgonjwa. Hakuja jukwaani. Alipita kando ya uwanja, akaishika njia ya mlimani, kuelekea mahali ambapo mkondo ulitoka chini ya hamamu kushuka Bondeni.

Mtu wa kwanza kumfuata alikuwa jirani yake, na kinu. Kisha wawili na kitanda chao. Hakuna aliyepiga mbiu. Uwanja ulipungua kama maji yaliyopata ufa: watu waliingia nyumbani mikono mitupu, wakatoka na mageti ya zizi, mawe ya kusagia, magunia ya udongo. Yule mzee alibeba mfuniko wa kisima chake mapajani, akasukumwa kwenye toroli. Askari waliomshika Siwatu walitazamana. Mmoja alikuwa wa Bondeni. Alimwachia mkono, akasema, "Mama yangu yule pale," akakimbia kumpokea mzigo. Mwenzake akabaki ameshika mkono mmoja, asijue aufanye nini, mpaka naye akauachia.

Ghalibu alisimama kwenye zulia akipaza sauti ile isiyobadilika kwamba mwaka ni uleule, mwaka ni uleule.

Juu, mkondo ulikuwa na upana wa hatua tatu, umechongwa kwenye mwamba, na maji yalipita bado yakifoka mvuke wa manjano. Watu walianza kutupa. Kinu kikazama. Kitanda kikakwama, mawe yakakikalia, udongo ukajaza. Walikohoa, waliungua, walitukana matusi ambayo Siwatu hakuyasikia tangu utoto. Mvuke ulimpofusha mmoja, wengine wakashikana viuno wakamvuta nje, na mwingine akachukua nafasi yake. Maji yakaanza kuinuka. Yakatafuta njia, yakapanda ukingo, yakageuka nyuma kuelekea sakafu za marumaru za hamamu, na kutoka huko juu zikasikika sauti za watu ambao hawakuwahi kukanyaga maji makali.

Siwatu alimkuta dada yake kwenye ukingo, mlango bado uko mgongoni. Alikuwa akihema.

"Dada, mbao haitadumu," Siwatu alisema. "Asidi itaila. Siku nne, tano."

"Tutaleta nyingine."

"Na hiyo nayo italiwa."

"Tutaleta nyingine. Unadhani hatukukusikia?" Mwanamvua alishusha mlango, ukagonga mwamba. Akajinyoosha, akamgeukia, na sasa Siwatu akakielewa kile alichokiona machoni mwake siku ile kando ya karai. Haukuwa mshangao hata kidogo.

"Siwatu. Hayo ya ndani kuwa kama mvua. Uliyajua lini?"

Angeweza kusema juzi, kwenye kioo. Isingekuwa uongo kamili.

"Tangu mwanzo," alisema.

"Tangu nina kucha?"

"Tangu una kucha."

Mwanamvua alimtazama. Mikono yake iliyoliwa ikajikunja ikawa ngumi, na Siwatu akangoja apigwe, akitamani apigwe, kwa kuwa ngumi ingekuwa mwisho wa jambo.

"Nitakuuliza hilo kila siku," Mwanamvua alisema. "Mpaka tufe." Akainama, akashika mlango upande mmoja, akamsukumia mdogo wake upande wa pili. "Shika."

Siwatu akashika.